Ng'amba au mkonge: klabu yenu ya mazingira ichague kipi?

Kila mwanzo wa mwaka walezi wa klabu za mazingira hapa Nakuru hujikuta na swali moja: watoto wasome kiumbe gani kwa undani mwaka huu? Majina mawili yamekuwa yakishindana tunapokutana walimu. La kwanza ni ng'amba, kasa wa Bahari Hindi mwenye magamba ya kupendeza. La pili ni mkonge, mmea ambao wengi wetu tunaupita kila siku kwenye mipaka ya mashamba bila kuugeukia. Mada zote mbili nimezifundisha klabuni, na ninamwandikia mwalimu anayetakiwa kuamua kabla ya ratiba ya muhula kufungwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa shule nyingi za Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, anzeni na mkonge. Ng'amba aje baadaye, na akija aletwe vizuri. Lakini sababu inayotajwa sana, kwamba mkonge ni wa bure na upo karibu, mimi naiona ndiyo ndogo kuliko zote.

Ng'amba ni nani

Pwani ya Kenya hupitiwa na aina tano za kasa: kasa wa kawaida anayekula nyasi za baharini, duvi, kigome, noa, na huyu ng'amba. Wanasayansi humwita Eretmochelys imbricata. Gamba la aliyekomaa huwa na urefu wa sentimita 60 hadi 90 hivi, na uzito wake kwa kawaida haupiti kilo 80. Mdomo wake umechongoka na kupinda mithili ya wa mwewe, na kwa mdomo huo huchokora sifongo zinazoota kwenye nyufa za matumbawe. Viumbe wachache sana wanaweza kula sifongo, kwa kuwa nyingi zina sumu na vijiti vidogo vikali kama kioo. Yeye anaziweza, na kwa kuzila anayaachia matumbawe nafasi ya kukua.

Watoto wetu wanamjua kobe. Wengine wamemwona kwenye jumba la makumbusho la Kisumu, wengine kijijini. Basi anzia hapo: kobe huingiza kichwa na miguu ndani ya gamba akishtuka, kasa hawezi. Miguu ya kasa imegeuka mapezi ya kuogelea, na nchi kavu anajikokota kwa taabu. Jike hupanda ufukweni, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai 130 au zaidi, hulifukia, kisha hurudi majini bila kugeuka nyuma. Atafanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kwa kupishana kama wiki mbili, halafu apumzike miaka miwili, mitatu au zaidi. Mayai hukaa mchangani takriban siku 60. Kitoto kinachotoka humo huchukua miaka 20 au zaidi kufikia umri wa kuzaa, na wengi mno hawafiki.

Jambo linalowateka wanafunzi kuliko yote ni kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Karibu na nyuzi 29 za Selsiasi hutoka madume na majike. Mchanga ukizidi kupata joto, majike huongezeka. Ukipoa, madume huongezeka. Mwanafunzi akilielewa hilo anaona mara moja kwa nini ongezeko la joto duniani linawahusu kasa hata kama hakuna anayewawinda. Na mwalimu wa Nakuru ana mfano wa jirani wa kuongezea: mamba wa Ziwa Baringo nao jinsia yao huamuliwa na joto la kiota.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka ng'amba katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka tangu 1996. Hilo lina uzito wake darasani. Mtoto akisikia kwamba mnyama anaweza kwisha akiwa yeye bado yuko hai, anakaa wima kwenye kiti.

Mkonge ni nini

Huku kwetu mkonge umezoeleka mno, na mazoea yanatuzuia kuuona. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilivyofika hai kwenye pwani ya nchi inayoitwa leo Tanzania vilikuwa 62 tu. Kutokana na vile 62 yakaanza mashamba makubwa ya Tanga, na mkonge ukavuka mpaka kuja Kenya mwanzoni mwa karne ya 20.

Mkonge kwa kawaida hauzai mbegu. Unajieneza kwa machipukizi yanayotoka ardhini kando ya mama, na kwa vitoto vinavyoota juu ya mlingoti wa maua. Kwa hiyo mkonge ulio kwenye ua wa shule yenu, kwa uwezekano mkubwa, ni nakala ya mama yake, naye ni nakala ya wake, vizazi kwa vizazi. Weka habari hiyo kando ya mayai 130 ya ng'amba, ambamo kila kitoto kimechanganya damu ya baba na mama, na una somo zima la urithi wa viumbe bila kufungua kitabu. Ukiingia ugonjwa unaoushinda mkonge mmoja, jirani yake ana kinga ipi? Waachie wanafunzi swali hilo walijadili wenyewe.

Mmea huu huishi miaka saba hadi kumi, wakati mwingine zaidi, ukitoa majani 200 hadi 250 katika uhai wake. Kisha unachomoza mlingoti mmoja wa mita tano au sita, unachanua mara moja tu, unaangusha vitoto kwa mamia na kufa. Ng'amba huzaa mara nyingi na kuishi. Mkonge huchanua mara moja na kwisha. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma Biolojia watanufaika kulinganisha njia hizo mbili kuliko kukariri faida na hasara za kila kiumbe.

Ukame mkonge unaustahimili kwa ustadi wa ajabu. Mimea mingi hufungua matundu ya kupumulia mchana, na maji yakapotea kwa jua. Mkonge huyafunga mchana na kuyafungua usiku, ukaihifadhi hewa ya ukaa ndani ya jani hadi kukuche. Ndiyo maana unasimama kijani Mogotio wakati kila kitu kando yake kimekauka.

Kazi ya mikono

Hapa ndipo mkonge unapomwacha ng'amba mbali, nami nitakaa hapa kidogo maana nimeona linavyobadilisha klabu.

Chagueni jani la chini kabisa, lile lililoinama kukaribia ardhi. Kabla ya chochote, mwalimu mwenyewe akate mwiba wa ncha. Ni mweusi, mgumu, wa sentimita mbili hivi, na unaweza kumtoboa mtoto jicho. Jani likishakatwa lilazeni juu ya ubao ulioinamishwa na mlipondeponde kwa rungu mpaka ngozi ya kijani ipasuke. Litatoa maji yenye povu. Hapo shikeni upande mmoja kwa kitambaa, na kwa ubapa wa mbao ngumu au mgongo wa panga mkwangue kuelekea upande mwingine, kwa nguvu na bila haraka. Nyama ya kijani inabanduka mabonge mabonge, na ghafla chini yake zinaonekana nyuzi, nyingi, zimenyooka kutoka mwanzo wa jani hadi ncha. Jani moja huwa na nyuzi 1,000 hivi. Zisuuzeni kwenye maji mengi, zianikeni kwenye kamba ya nguo, na kufikia kesho yake zimekauka na kung'aa, rangi yake nyeupe inayoelekea krimu.

Kusokota ndiko kunakowashangaza watoto. Nyuzi hugawanywa mafungu mawili. Kila fungu linaviringishwa pajani kwenda mbele hadi likaze, kisha mafungu yote mawili yanaachiwa yajizungushe pamoja kurudi nyuma. Kamba inajifunga yenyewe; hakuna fundo wala gundi. Katika shule nyingi yupo mwanafunzi ambaye nyanya yake anafanya hivi kila siku, na siku hiyo mwanafunzi huyo ndiye anakuwa mwalimu. Nimeona mtoto asiyenyoosha mkono darasani akiwafundisha wenzake kuviringisha kamba huku darasa zima limemzunguka, na kuanzia wiki hiyo akawa anajibu maswali ya Hisabati. Sina kipimo cha jambo hilo, ila nalitaka litokee katika kila klabu.

Halafu zinakuja hesabu. Pimeni jani bichi, pimeni nyuzi kavu. Jani la gramu 600 likitoa nyuzi za gramu 24, hiyo ni asilimia nne, na viwandani nako mavuno huwa katika kiwango hicho hicho. Maana yake, sehemu kubwa mno ya jani ni mabaki. Yanakwenda wapi? Yakimwagwa mtoni yanaoza na kumaliza hewa majini, samaki wanakufa. Yakitumiwa vizuri ni mbolea au gesi. Huko Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge. Mtoto akifahamu kwamba hata mmea tunaousifu una uchafu wake kiwandani, tumemfunza kufikiri.

Na ng'amba? Msidhani hakuna cha kufanya kwa mikono. Chukueni lundo la mchanga, mlitenge sehemu mbili, moja kwenye kivuli cha mti na moja juani. Zikeni kipimajoto kwenye kina cha sentimita 40 kila upande na mwandike joto asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki kadhaa. Wanafunzi wataona tofauti, na watagundua kwamba kule chini joto halipandi na kushuka haraka kama juu. Kisha waulizwe: kiota kingekuwa upande huu, tungepata majike au madume? Kingine kinachofaa ni kumchora ng'amba kwa chaki sakafuni kwa kipimo chake halisi. Ni mazoezi mazuri, lakini hayajazi mwaka mzima. Baada ya hapo mnabaki na picha na video.

Plastiki imewagusa wote wawili

Sababu yangu kubwa ya kutaka klabu ivijue viumbe hivi viwili, na ivijue kwa mpangilio huu, ni historia ya plastiki.

Ng'amba hakuwindwa sana kwa nyama. Aliwindwa kwa magamba. Mabaharia Wagiriki wa karne ya 1 walikwisha kuyaandika magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na pembe za ndovu. Kwa karne nyingi yalitengenezwa vitana, vikuku, vipini na fremu za miwani. Gamba likipashwa moto hulainika na kupindika, likipoa linabaki na umbo jipya, na ndicho kilichowapendeza mafundi. Plastiki ilipovumbuliwa ikaiga rangi ile ya kahawia yenye mabaka kwa bei ndogo. Miwani nyingi za plastiki zinazouzwa mitaani leo bado zinaiiga. Biashara ya kimataifa ya ng'amba ilipigwa marufuku mwaka 1977 chini ya mkataba wa CITES, ingawa Japani iliendelea kuagiza magamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hivyo mwanzoni plastiki ilimpunguzia ng'amba mzigo.

Kwa mkonge mambo yalikwenda kinyume. Wakati wa vita vya Korea, kati ya 1950 na 1953, bei ya katani, yaani nyuzi za mkonge, ilipanda kwa kishindo na mashamba ya Afrika Mashariki yakaneemeka. Miaka ya 1960 zikaingia kamba na magunia ya polipropilini, aina ya plastiki. Bei ikaporomoka, mashamba mengi yakafungwa au yakabadilisha mazao. Wazee wetu wengi kutoka Siaya, Kisumu, Vihiga na Busia walikuwa wamesafiri kwenda kukata mkonge, na walirudi nyumbani. Mwambieni mwanafunzi awaulize babu na nyanya zake kuhusu miaka hiyo. Wapo watakaorudi na habari za nyumba za kambi, mishahara na mikono iliyojaa vidonda, na habari hizo ni sehemu ya somo la mazingira kama ilivyo nyuzi yenyewe. Ng'amba hana historia ya namna hiyo ndani ya familia za huku kwetu.

Baadaye plastiki ikamgeukia ng'amba pia. Nyavu za nailoni zilizotelekezwa baharini haziozi; zinaendelea kunasa. Kasa aliyenaswa hawezi kupanda juu kupumua, na anakufa maji. Mifuko inayoelea hudhaniwa kuwa kiwavi cha baharini, yule mnyama laini mithili ya ute, na kumezwa. Kamba ya katani ikipotea baharini nayo ni uchafu, lakini inalowa, inaoza, inakwisha.

Sasa nina ombi kwa walimu wenzangu. Nimesikia mara nyingi mtoto wa Nakuru akiambiwa kwamba mfuko anaoutupa mtaroni utamuua kasa kule Watamu, pwani. Si kweli, na mtoto akija kusoma Jiografia vizuri ataacha kutuamini. Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Taka ya Nakuru inabaki Nakuru, na wanaoumia ni ndege wa ziwani na sisi wenyewe. Maji ya Kisumu nayo hayaendi Bahari Hindi: yanaingia Ziwa Victoria, kisha mto Nile, na mwisho wake ni Mediterania, baada ya kupita maziwa na mabwawa mengi. Kati ya mito inayopeleka taka za bara kwenye maji ya ng'amba wa Kenya ni ule wa Athi, unaopokea maji ya Nairobi na kumwaga karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Kinachomfunga mtoto wa Nakuru na ng'amba ni soko. Anaponunua kamba ya plastiki, anaagiza nyingine itengenezwe, na plastiki hiyo ikitumiwa mahali penye mto unaofika baharini ndiyo inayomfikia kasa. Hoja hii ni ngumu kidogo kueleza, lakini ni ya kweli, na mkonge ndio unaoirahisisha.

Jaribio dogo linasaidia hapa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na mingi iliyokuja badala yake inafanana na kitambaa lakini ni polipropilini. Viondo vingi sokoni navyo vimesukwa kwa nyuzi za plastiki. Waambieni watoto walete vipande vya uzi kutoka nyumbani: wa mfuko, wa gunia, wa kiondo, wa kamba ya kufungia mbuzi. Vitumbukizwe kwenye beseni la maji. Polipropilini inaelea. Katani inanyonya maji, inavimba na kuzama. Nailoni inazama pia, kwa hiyo inahitaji jaribio la pili, ambalo mwalimu alifanye mwenyewe nje, mahali penye upepo: ncha ya uzi ikichomwa, katani inaacha jivu na harufu ya karatasi iliyoungua, wakati plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Watoto hushtuka wanapogundua ni vitu vingapi walivyodhani ni vya asili.

Sheria na usalama

Kwa ng'amba, sheria ni kali. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki gamba au kitu kilichotengenezwa kwa mnyama aliyelindwa bila kibali ni kosa lenye adhabu nzito. Mwalimu asimwambie mtoto alete gamba la zamani la babu kama kielelezo. Likitokea, waarifuni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Basi ng'amba atafundishwa kwa michoro.

Mkonge hauhitaji kibali ila ruhusa ya mwenye shamba. Hatari zake ni mwiba niliokwisha kuutaja, panga, na utomvu. Utomvu huwasha ngozi, na wengine hupata vipele. Nguo za mikono mirefu, maji mengi ya kunawa, na asiyetaka kukwangua apewe kazi ya kupima na kuandika.

Safari

Kutoka Nakuru mjini ukishika barabara ya Marigat, hupiti saa moja kabla ya kufika Mogotio, na mkonge umejipanga mistari pande zote mbili za barabara. Barua kwa meneja wa shamba iandikwe mapema, muhula kabla. Ombeni muone ukataji, mashine ya kuchambua na uanikaji. Watoto wakishakwangua jani kwa mkono wao wenyewe, wanaielewa mashine mara moja. Shule za Kisumu, Nyakach au Seme hazina mashamba makubwa karibu, lakini mkonge wa mipakani upo tele, na pale unapopandwa kando ya makorongo kuzuia mmomonyoko mna somo jingine la udongo.

Safari ya kumwona kasa ni jambo lingine kabisa. Watamu iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Nakuru, na kutoka Kisumu ni mbali zaidi. Kuna shirika la Local Ocean Conservation linalotibu kasa waliojeruhiwa na kushirikiana na wavuvi ili kasa wanaonaswa warudishwe baharini badala ya kuchinjwa. Mtoto akipata bahati ya kufika pale atakumbuka maisha yake yote. Shule yenye uwezo huo nayo ipange vizuri: njia ya kutoka Mombasa kwenda Watamu inapita Vipingo, penye mashamba ya mkonge yanayotazamana na bahari. Katika siku moja wanafunzi wanaweza kuona katani ikianikwa na jioni wakasimama kwenye ufuo ambako kasa hutaga. Klabu iliyotumia mwaka kwa mkonge itaiona Vipingo kwa macho yanayojua. Klabu iliyoanza na ng'amba itapita ikidhani ni vichaka.

Nani achague nini

Nikiulizwa na mlezi wa klabu ya shule ya msingi, gredi ya nne hadi ya sita, jibu langu ni mkonge, ila aanze kwa ng'amba wa chaki wiki ya kwanza. Mtoto wa umri huo haupendi mkonge siku ya kwanza. Anampenda mnyama. Hilo tulikubali na kulitumia. Akishashika kamba aliyoisokota mwenyewe, mapenzi yanahamia.

Kwa gredi ya saba hadi ya tisa, mkonge tena, na hapa kwa mwaka mzima. Vichipukizi vipandwe mvua za masika zinapoanza, vipande vya kamba ya katani na ya nailoni vizikwe pamoja kwenye bustani na kufukuliwa kila mwisho wa muhula kulinganishwa, nguvu ya kamba ipimwe kwa ndoo inayoongezwa maji lita moja moja hadi ikatike. Ngazi hii inataka wanafunzi wafanye mradi unaoonekana, na hapa kuna kitu cha kupima, cha kuuza na cha kuandika. Hata ubao wa kurushia vishale unaweza kuingia katika hesabu zao za soko, maana ubao bora hutengenezwa kwa katani, na ya Afrika Mashariki inasifika kwa kazi hiyo.

Ng'amba ningemchagua kwa sekondari yenye intaneti ya kutegemewa na mwalimu wa Biolojia aliye tayari kuzama kwenye joto la viota, njia za uhamaji na sheria za kimataifa. Ningemchagua pia kwa klabu yenye muhula mmoja tu, kwa kuwa mkonge ukifupishwa unapoteza ladha, ilhali habari za ng'amba zinaweza kusimuliwa vizuri kwa wiki kumi. Na shule yenye wanafunzi wengi waliotoka Pwani, ambao wazazi wao wamehamishwa kikazi, ina hazina ya simulizi ambayo si vyema kuiacha.

Shule za kando ya ziwa, kuanzia Dunga hadi Usenge, zina njia ya tatu ambayo ningependa zaidi klabu ziijaribu. Nyavu za kitani (uzi wa mmea mwingine, si katani) zililetwa katika Ziwa Victoria mwaka 1905, na za nailoni zikafuata miaka ya 1950. Wavuvi wazee wanaokumbuka mabadiliko hayo au kuhadithiwa na baba zao bado wapo. Mpelekeni mtoto mwenye kamba ya mkonge mkononi akakae nao, awaulize wavu wa zamani ulidumu muda gani, ulihitaji kuanikwa mara ngapi, na wavu wa nailoni ukipotea leo ziwani unaendelea kuvua kwa muda gani. Majibu ya wazee hao yatamfikisha kwa ng'amba aliyenaswa Watamu, hata kama bahari hajaiona.